Mgeni Aje na Jembe Lake

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakusoma shule ya bweni. Bweni halina siku mbili za kumtazama mgeni akila kuku. Mgeni wa bweni anafika na jembe lake mwenyewe, lenye mpini, limefungwa kwa kamba ya katani pamoja na fyekeo na fagio la chelewa, na kabla hajaonyeshwa choo kilipo ameshaonyeshwa stoo ya kulikabidhi.

Mwongozo huu ni wa mzazi ambaye Januari hii mwanawe amepangiwa Kidato cha Kwanza shule ya bweni. Ni wa mtoto pia, ambaye hadi Desemba alikuwa kaka mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kuheshimika na mwenye fimbo yake, na hajui bado kwamba kuanzia Jumatatu jina lake ni Njuka. (Angekuwa Kenya angeitwa Mono. Mpaka wa Namanga unabadilisha jina tu, mateso ni yaleyale.) Mwandishi ana sifa zote za kuuandika: alikaa bweni miaka minne katika shule moja ya Nyanda za Juu Kusini, aliingia na ndoo moja na akatoka na ndoo moja. Habari ya ndoo hizo tutaifikia.

Hatua ya kwanza: Isome fomu ya kujiunga ukiwa umekaa

Ukurasa wa kwanza wa fomu ni pongezi. Mkuu wa shule anafurahi kukutaarifu kwamba mwanao amechaguliwa. Ifurahie sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo pekee isiyokugharimu kitu.

Ada haipo, na haki lazima itendeke kwa kulisema hilo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliifuta katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016, na ile Sh 70,000 iliyokuwa ikilipwa kwa mwaka na mtoto wa bweni ikabaki kuwa simulizi. Mwaka 2022 wakafuata Kidato cha Tano na cha Sita. Elimu, basi, ni bure. Kinacholipiwa ni godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, blanketi, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, sahani, bakuli, kikombe, kijiko, viatu vyeusi vya kamba visivyo na kisigino kirefu, raba, kandambili, madaftari makubwa ya kwaya tatu dazeni moja, mkebe wa hesabu, rimu mbili za karatasi, reki, panga, fyekeo, jembe, na sweta la rangi ya damu ya mzee.

Hapo kwenye sweta simama kidogo. Ukienda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, utakuta masweta ya damu ya mzee ya aina saba, kuanzia linalokaribia zambarau hadi linalokaribia ugoro. Muuzaji atakuhakikishia kwamba yote ni damu ya mzee, ila wazee wenyewe ndio wanaotofautiana. Nunua lolote. Metroni atakwambia silo, kisha atakuonyesha lililo sahihi, ambalo kwa bahati njema linapatikana palepale shuleni.

Rimu za karatasi usiziulize. Mtoto atazibeba kifuani kama mwali anayebeba sinia, atazikabidhi ofisini, na hatazisikia tena mpaka siku ya mtihani wa mwezi, atakapoambiwa achane karatasi katikati ya daftari lake.

Iko pia fomu ya afya, inayotakiwa kujazwa na mganga wa hospitali ya serikali. Mtoto atapimwa damu, mkojo, choo na macho. Macho ni muhimu, kwani darasa litakuwa na watoto wengi na yeye, kwa kuwa ni mgeni, atakaa palipobaki.

Yote haya yanatokea katika mwezi ambao mitaani tunauita Njaanuari. Kama bado una pesa ya Krismasi, hongera, na tafadhali usilitangaze hilo mbele ya mwenye nyumba.

Hatua ya pili: Tafuta tranka, usidanganywe na kufuli

Sanduku la nguo ni la watalii. Mwanafunzi anabeba tranka. Nenda kwa mafundi bati wa Gerezani, utawasikia kabla hujawaona: nyundo na bati, nyundo na bati, kuanzia asubuhi. Chagua lenye kona zilizokunjwa mara mbili, lililopakwa rangi ya bluu na kuchorwa ua jekundu juu ya mfuniko. Ua halina kazi, lakini tranka lisilo na ua linaonekana kama la fundi bomba.

Sasa kufuli. Mzazi wa mara ya kwanza hununua kufuli kubwa kama ngumi, la kufungia godauni. Analipima mkononi, anaridhika, na kulala usingizi. Hajui kwamba kufuli linalinda mbele, na watu wa bweni hufanya kazi nyuma. Bawaba za tranka zina pini nyembamba ya waya. Ukiisukuma kwa ncha ya kijiko inatoka kama jino la mtoto. Mfuniko unafunguka kinyumenyume, sukari inapungua vijiko vinne, pini inarudishwa. Asubuhi mwenye tranka anafungua kufuli lake zima, anaona sukari imeshuka, na anaanza kuamini majini.

Suala la sukari linanileta kwa mama. Shule imepiga marufuku vyakula vya nyumbani, na mama amesoma marufuku hiyo vizuri kabisa, ndiyo maana karanga zimo ndani ya soksi, siagi imezungushiwa taulo, na ubuyu umejazwa kwenye kopo lililoandikwa mafuta ya kujipaka. Msimamo wa baba ni kwamba sheria ni sheria. Msimamo huo hudumu mpaka mama anapotoka chumbani. Hapo baba naye huingiza pakiti ya biskuti.

Hatua ya tatu: Andika jina

Andika jina kwenye kila kitu. Kwenye shuka, litariziwe kwa uzi kwenye pindo. Kwenye sahani ya bati, lichongwe kwa msumari. Kwenye mpini wa jembe, lichomwe kwa waya wa moto. Kwenye kandambili, liandikwe kwa kalamu ya wino mzito, ya kushoto jina la kwanza na ya kulia la ukoo, ili atakayeiba moja ajue ameiba nusu ya mtu.

Ndoo ndiyo iandikwe kuliko vyote. Katika bweni ndoo ni bafu, dobi, kiti cha kukalia wakati wa kumenya viazi, ngoma ya usiku wa Jumamosi, na siku maji yakikatika ndiyo uhai wenyewe. Usiandike kwa rangi, rangi hukwanguliwa kwa wembe. Pasha msumari kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, kisha andika taratibu ubavuni, plastiki itanuka na kujikunja kama ngozi ya maziwa, na herufi zitabaki zimezama. Hii ni mbinu ya kudumu. Haizuii ndoo kuondoka, lakini inahakikisha kwamba inaondoka na historia yake.

Hatua ya nne: Safiri kama umehama

Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani kutoka Dar es Salaam yanaondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Fika kabla ya alfajiri. Utawatambua wenzako kwa magodoro: yamekunjwa, yamefungwa kamba, yamesimamishwa ukutani kama watu walioadhibiwa. Konda atayatazama, atakutazama, na kutaja bei ya mzigo inayokaribia nauli ya mtu. Usikasirike. Godoro kweli ni abiria, tena ndilo pekee linalokwenda kulala.

Kama ni njia ya Iringa, baba atahutubia kuanzia Chalinze. Hotuba inajulikana: sisi enzi zetu tulitembea kwa miguu, sisi tulikula ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, na tukashukuru, sisi hatukuwa na shuka za rangi. Mtoto huitikia "Ndiyo baba" kila baada ya kilometa kumi. Mikumi baba hunyamaza, kwa sababu kuna twiga kando ya barabara na hata mzazi ni binadamu. Ruaha Mbuyuni mama ananunua vitunguu vya kurudi navyo nyumbani. Basi linapopanda Kitonga, lori mbele, lori nyuma na korongo pembeni, ndipo mtoto anapouliza kwa sauti ndogo kama likizo ni mwezi wa ngapi.

Mwambie ni Juni. Usimwambie habari ya baridi ya Juni huko juu. Ataikuta.

Hatua ya tano: Agana haraka

Langoni kuna meza tatu. Ya kwanza wanakagua karatasi. Ya pili wanakagua risiti. Ya tatu yuko metroni, na yeye anakagua nafsi. Atafungua tranka, ataitoa siagi kwenye taulo bila hata kuitafuta, atalikung'uta kopo la mafuta ya kujipaka sikioni na kusema, "Mama, haya mafuta yana mbegu?" Ameifanya kazi hii miaka mingi kuliko wewe ulivyoifanya ya kuficha. Zile karanga za kwenye soksi ataziacha. Si kwamba hakuziona. Yeye pia ni mama wa mtu.

Kisha nywele. Kama mtoto wako amekuja na nywele, kuna kijana kivulini chini ya mwarobaini mwenye mashine na shuka chafu, na dakika tano baadaye watoto wote watafanana kiasi kwamba utamkumbatia wa mwenzako.

Sasa agana. Kanuni ni moja: usiende bwenini kumtandikia kitanda. Nimewaona akina mama walioingia kutandika shuka la kwanza wakatoka saa mbili baadaye, macho mekundu, huku mtoto akiwa ameshapewa jina la utani litakalodumu hadi harusi yake. Mpe mkono, mpe elfu kumi ya matumizi (nyingine ziko kwa mhasibu), mwambie "Soma," geuka. Ukifika nje ya geti unaweza kulia. Wengine wamesimama hapohapo wanajifanya wanatafuta bodaboda.

Hatua ya sita: Njuka, chagua kitanda kwa akili

Kuanzia hapa nazungumza na wewe mwanangu, wazazi wamekwishaondoka.

Kitanda ni dabo deka. Cha chini kina faida ya kutopanda na hasara ya kuwa sebule ya bweni zima: watu watakikalia, watakula ubuyu juu yake, na vumbi la anayelala juu litakushukia kila akijigeuza. Cha juu kina amani, ila ni karibu na bati. Mvua ya Januari ikianza utadhani unamwagiwa kokoto, na mchana wa jua utaokwa. Chandarua kifunge vizuri hata ukiambiwa huku juu hakuna mbu. Mbu nao husafiri kwa basi.

Lakini haya ni maneno tu. Kitanda utapewa na kiranja. Kitakuwa kile ambacho chaga moja imevunjika.

Hatua ya saba: Ijue serikali

Shule ya bweni ni nchi. Mkuu wa shule ni rais, yuko safarini wilayani. Mwalimu wa zamu ni serikali ya juma hili. Mpishi ni Benki Kuu. Na viranja ndio dola yenyewe, unayokutana nayo kila siku.

Kiranja si mila yetu. Waingereza walipofungua shule ya serikali ya Tabora miaka ya 1920, ya kuwasomesha watoto wa machifu wawe watawala, waliiga shule zao za bweni za kule kwao, pamoja na mabweni, michezo, na kijana mkubwa mwenye mamlaka juu ya mdogo. Mwalimu Nyerere alipita hapohapo Tabora kuanzia 1937. Wakoloni waliondoka, machifu wakavuliwa uchifu baada ya uhuru, ila kiranja yupo, na jana jioni alikuwa anakagua kama umechomekea.

Utaogopa Kidato cha Nne kwa sababu wana ndevu. Usiwaogope, wana mtihani Novemba na hawana muda na wewe. Wa kuwaogopa ni Kidato cha Pili. Hao mwaka jana walikuwa njuka, wamengoja miezi kumi na miwili uje. Watakuuliza kama umeleta taarifa ya hali ya hewa. Watakutuma dukani ukanunue mwanga wa tochi. Watakupigisha foleni ya kupimwa urefu wa kivuli. Cheka nao, ni kodi ya kuingia na inaisha.

Hapa naiweka kejeli pembeni mstari mmoja: atakayekupiga, atakayekunyang'anya chakula, au atakayekugusa pasipokuhusu, huyo hachezi, mwambie metroni au mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, na nyumbani waambie pia.

Wengine watakuja kwa upole, watakuita "mdogo wangu," watauliza unatoka wapi, na utakuta nao wanatoka hukohuko, hata wewe utokee wapi. Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeponywa ni mwenyeji, dawa ni sukari yako. Mpe kijiko, si kopo.

Hatua ya nane: Jifunze kula

Kengele ya chakula ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa kipande cha nondo. Sauti yake ni ileile ya kengele ya darasa, lakini miguu inajua tofauti.

Chakula ni ugali na maharage. Jumatano ni makande, yaani mahindi na maharage, ambayo ni ugali na maharage kabla havijatengana. Jumapili ni wali. Nyama ipo mara moja kwa wiki, na ni vizuri kuiamini.

Maharage ya bweni yana kina. Juu ni maji yenye rangi, katikati ni vitunguu vya kukisiwa, chini kabisa ndiko yaliko maharage. Zamu ya kugawa ikiwa ya rafiki yako, upawa unapiga mbizi. Ikiwa ya mtu mliyekosana, upawa unaogelea juujuu. Kwa hiyo diplomasia yote ya shule huishia kwenye upawa, na mwanafunzi mwenye busara hagombani na mtu siku ya Jumatatu bila kwanza kuangalia ratiba ya ugawaji.

Ukikuta fukusi kwenye maharage, usipige kelele. Wenzako watataka na wao.

Siku ya wali usikimbilie foleni ya mbele. Kaa nyuma, jenga urafiki na mpishi, msalimie shikamoo kila asubuhi, msaidie kuchota maji. Watu wakishapakuliwa, sufuria linabaki na ukoko: mkavu, wa kahawia, umeshika moshi na mafuta. Kwa ukoko huo nimeona Kidato cha Nne mwenye ndevu akinyenyekea kama bwana harusi mbele ya wakwe.

Hatua ya tisa: Amka, kimbia, lima

Saa kumi na moja alfajiri ringi inagongwa. Nje kuna ukungu, na kuna mchakamchaka. Utakimbia ukiimba, na anayeongoza wimbo hukimbia polepole kwa kuwa ana pumzi ya kuokoa. Kisha deki, kisha kufagia eneo lako, ambalo ni chini ya mti unaopukutisha majani mwaka mzima. Kisha mstarini. Kisha, Jumamosi, shamba.

Sasa turudi kwenye jembe. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe jamii inayojilisha kwa kiasi chake, mwanafunzi asijione ametengwa na mkulima aliyemsomesha, na shamba liwe mahali pa kujifunza na kupanga, si pa kutumikishwa. Ni andiko fupi na lenye mengi. Shule zetu zililisoma lote, zikashika neno jembe. Ndiyo maana leo ukichelewa darasani adhabu yako ni kulima, yaani tunamfundisha mtoto kuheshimu kilimo kwa kumpa kama kifungo.

Ila kuna hesabu ambayo sijawahi kuimaliza. Chukua shule ya wanafunzi 800. Kila Januari wanaingia njuka 200, kila mmoja na jembe. Kwa miaka minne yameingia majembe 800, jembe moja kwa kila kichwa, na bado hatujahesabu ya waliomaliza kabla yao. Njoo Jumamosi uyahesabu: yapo 31. Sita hayana mipini. Mengine yamo stoo, stoo imefungwa, ufunguo anao mwalimu wa miradi, mwalimu yuko semina. Kwa hiyo watu 32 wanalimia jembe moja, mmoja analima na 31 wanamshauri. Shuleni kwetu tulikuwa na darasa zima la washauri, na baadhi yao leo ni washauri kweli, tena wanalipwa.

Hatua ya kumi: Nyamaza kwa Kiingereza

Miaka saba umefundishwa kwa Kiswahili. Umejua usanisinuru, umejua kipenyo na mzingo, ulikuwa mtu na elimu yako. Jumatatu usanisinuru unaitwa kwa jina la Kigiriki lililopitia Uingereza, na unaanza upya kama mtoto wa chekechea mwenye sauti nzito.

Kwenye ukuta wa bwalo kuna tangazo la Kiingereza linalokataza Kiswahili. Kwa kuwa njuka hawalielewi, mwalimu wa zamu hulifafanua mstarini, kwa Kiswahili fasaha, na kuonya kwamba huo ndio Kiswahili cha mwisho.

Kuna pia kibao cha kuvaa shingoni. Akisikika mtu anaongea Kiswahili anavalishwa, na hawezi kukivua mpaka amkamate mwingine. Jioni wa mwisho kukivaa ndiye anayeadhibiwa. Kwa hiyo alasiri utaona mtu mwenye kibao kakivuta ndani ya shati, anakujia taratibu, anakukanyaga kidole. Ukisema "Mama yangu!" umekwisha. Zoeza maumivu yako Kiingereza.

Wengi huchagua njia salama zaidi: hukaa kimya wiki nzima, mpaka mwezi. Mwisho wa muhula ripoti zao huandikwa, nidhamu nzuri sana, mtulivu.

Hatua ya kumi na moja: Wasiliana na nyumbani

Simu hairuhusiwi. Utaomba ya metroni, kwa zamu, dakika mbili, yeye akiwa amekaa pembeni anachambua mchele. Kwa hiyo utasema "Sijambo, naendelea vizuri, chakula kizuri." Mzazi mwenye akili husikiliza pumzi kabla ya maneno. Ukisema "chakula kizuri" kwa kuvuta pumzi katikati, siku ya kutembelewa atakuja na kuku mzima.

Siku hiyo ikifika, mzazi, usije na chakula cha mtoto mmoja. Yuko mwenzake wa kitanda cha chini ambaye nyumbani ni Kigoma, na nauli ya kuja na kurudi hakuna mtu aliyeipata. Atakuwa amekaa chini ya mti anajifanya anasoma. Mwanao atamwita. Usimuulize mwanao ni nani huyo, mpakulie.

Hatua ya mwisho: Ndoo

Niliahidi habari ya ndoo.

Yangu ilikuwa ya lita 20, ya bluu, mama kaichoma jina kwa msumari akiwa amechuchumaa jikoni, herufi kubwa, hata ya mwisho ikapinda kwa sababu msumari ulipoa. Iliondoka wiki ya pili. Nilikwenda kwa patroni nikilia. Aliniangalia kwa huruma ya mtu mzoefu akasema, "Zunguka, utaipata." Nikazunguka mabweni yote. Yangu sikuiona. Nikaona ya kijani, iko peke yake nyuma ya bafu, haina mtu wa kuidai. Ilikuwa na jina limechomwa ubavuni. Nilichoma langu juu yake.

Nikaoga nayo miaka minne. Siku ya kumaliza, wenzangu waliziacha za kwao kwa njuka. Mimi nikaona ndoo nzima, nikarudi nayo nyumbani nikijiona mtu wa maana, niliyeingia na ndoo na kutoka na ndoo. Mama aliigeuza juani.

"Huyu ni nani?"

"Mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Simjui, mama."

Hakusema kitu. Januari iliyofuata mdogo wangu alipopangiwa bweni, shule ileile, mama alimkabidhi ndoo hiyohiyo ya kijani. Alikuwa ameisugua kwa mchanga hadi jina langu likafifia, na lile la chini likaonekana vizuri. Nilipouliza alisema, "Huyo naye ana mama aliyenunua."

Haikurudi. Sijui iko wapi, na ile ya bluu sijui iko wapi. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, unapochoma jina la mwanao ubavuni mwa ndoo wiki hii, chini yake ongeza namba yako ya simu. Enzi zetu simu hazikuwepo. Leo mama atakayeigeuza juani hana kisingizio.